Shavu la Karambu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Githongo

Ukungu umekaa kwenye kahawa tangu asubuhi na hautaki kuondoka. Nachuma nikiona mikono yangu tu, mti wenyewe siuoni vizuri. Mdogo, mwanangu anayenyonya bado, yuko mgongoni. Nikichuma polepole naye anapumua polepole, mpaka sijui nani anambembeleza mwenzake. Naandika nikiwa nimekalia gunia hapa fakitori, nikingoja kupimiwa.

Nimeamua kuandika msimu huu kwa sababu siku zinanipotea. Jana nilimuuliza mume wangu Misheck kwa simu kama leo ni Jumamosi. Akacheka. Ilikuwa Jumapili na nilikuwa ndio nimetoka kanisani. Tunaongea Kimeru, lakini kukiandika kunanishinda, kwa hivyo kiwe tu Kiswahili cha shule.

Mwalimu wa binti yangu Karambu ameniita. Anasema mtoto hamalizi githeri, mahindi na maharagwe ya shule, anatafuna upande mmoja kama mzee. Nikamwambia nitaangalia.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua siku nzima. Nimekunja nguo zile zile mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Acha nieleze hili jambo la shavu, nisije nikasoma haya siku moja nikajishangaa.

Karambu ni kifungua mimba wangu, yuko gredi ya pili. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, na mwenye jina anahesabiwa kuwa amerudi. Mama ya Misheck alikufa kabla sijaolewa. Simjui ila kwa ile picha ya kitambulisho iliyokuzwa, iko ukutani kwa Juju, baba mkwe wangu. Kwenye picha shavu lake la kushoto limejaa kama ameweka ndizi mdomoni. Watu wa hapa walimwita Karambu wa Shavu na hakukasirika.

Mwaka jana, wakati wa mavuno kama sasa, shavu la kushoto la mtoto wangu likaanza kujaa. Hakuna aliyeshtuka. Juju alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Umechelewa wapi siku hizi zote, mwekuru?" Mwekuru ni mke. Tangu azaliwe humwita hivyo kwa utani, lakini siku hiyo hakikuwa kicheko. Shangazi Cicily, dada ya Misheck, alileta uji wa wimbi kama vile kuna mtu amejifungua. Majirani wakaja kuangalia. Hata mimi nilifurahi. Nilihisi nyumba imejaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetoka Nkubu. Mdogo amelala, Karambu anachora, na mimi nina mambo ya kuandika hadi mkono uchoke.

Daktari wa meno pale anaitwa Angeline. Ni mdogo kuliko mimi, au mimi ndiye nimezeeka. Alimpapasa Karambu shavu kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayejaribu kama ukuta umekauka rangi. Akamuuliza, "Inakuuma, mama?"

"Kidogo," Karambu akasema.

Mwaka mzima hakuniambia hata hiyo kidogo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Si ni shavu la nyanya."

Wakampiga picha. Daktari aliishika kwenye dirisha. Ndani ya taya la mwanangu kuna giza la mviringo, na ndani ya hilo giza kuna jino limelala, kimya, kama mtoto tumboni. Nililiangalia kwa muda mrefu. Nusu yangu ilikuwa inataka kulifunika blanketi.

"Hiki ni kifuko cha maji," Daktari Angeline alisema. "Jino limekosa njia ya kutoka, kifuko kinakua, kinakula mfupa kutoka ndani. Huku chini mfupa umebaki kama ganda la yai. Akianguka vibaya taya linaweza kuvunjika."

"Unaweza kutoa?"

"Hapana. Hii si kazi yangu. Tafuta daktari wa upasuaji wa mdomo, taya na uso. Nairobi wako, lakini wako wachache na wamejificha katikati ya wengine wengi. Kila mlango umeandikwa spesheliti. Wewe uliza swali moja tu: amesomea taya, au amesomea meno? Na mtu asing'oe jino hata moja kabla ya kuona picha ya taya lote. Mama Karambu, umenisikia?"

Nilisikia. Kutoka hapo hadi nyumbani sikusikia kitu kingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Misheck yuko Embu, anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Amesema kwa simu, "Eunice, ongea na mzee kwanza." Nikaenda.

Juju alikuwa anatenganisha kahawa mbichi na iliyoiva, kwenye turubai. Nikakaa karibu nimsaidie. Nikamwambia yote, ya kifuko, ya ganda la yai. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo utampeleka Nairobi wamtoe shavuni."

"Wamtoe nani, baba?"

"Unajua nani."

"Baba, ni maji. Nimeyaona kwenye picha."

"Mimi niliishi na hilo shavu tangu likiwa dogo. Alilima nalo, alizaa nalo, aliimba kwaya nalo. Hakulia hata siku moja. Huyo daktari wako alizaliwa lini?"

Nilitaka kucheka kidogo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Lakini nikasema, "Baba, nitampeleka. Nataka tu nikienda niwe na baraka yako."

Akaokota kahawa moja mbichi, akaitupa mbali kuliko ilivyostahili. "Kahawa ikiisha tutaongea," akasema.

Kahawa huisha Januari.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeota mama mkwe wangu. Alikuwa kati ya mistari ya kahawa, amenipa mgongo, anachuma upesi sana na ndoo haijai. Nikamwita. Hakugeuka. Nilipoamka mdogo alikuwa ananinyonya na sikujua alianza saa ngapi.

Jumatatu, 20 Oktoba. Sikukuu ya Mashujaa

Misheck amekuja. Baba na mwana wamekaa chini ya paa la jikoni mvua ikinyesha, wameongea juu ya mbolea. Juu ya mbolea tu. Misheck aliporudi ndani aliniambia, "Subiri Krismasi, mzee atalegea."

Nikamwambia, "Misheck, ganda la yai halijui Krismasi."

Nikamwekea chakula. Hakuniudhi, alinichosha tu, na hayo ni mambo mawili.

Jumamosi, 25 Oktoba

Shule zimefungwa. Tangu asubuhi nimesema "usikimbie" mpaka neno limepoteza maana. Karambu akauliza kama kutembea haraka ni kukimbia. Nikasema ndiyo. Je, kuruka? Ndiyo. Je, kucheka sana?



Alhamisi, 30 Oktoba

Ameanguka. Si sana. Kwenye mteremko, udongo una utelezi, amepigwa na tawi la kahawa hapo hapo shavuni. Nilimwona akishuka kwenye ukungu kama jani, bila sauti. Nilitupa ndoo. Nilipofika alikuwa ameketi, ameshika uso, hakulia.

Hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Taya halijavunjika, Daktari Angeline amesema kwa simu jinsi ya kulishika na kuangalia kama meno yanakutana. Yanakutana. Lakini alisema, "Mama Karambu, hili lilikuwa onyo la bure." Nimempigia Lenah, tulisoma naye darasa moja Kaaga, sasa ana saluni Nairobi. Amesema, "Kuja. Nafasi ya kulala iko. Daktari tutatafuta." Tutaenda tarehe kumi na moja, kuna baraka au hakuna.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo mchana kumekuwa na jua kidogo, lile jua la baada ya mvua ambalo linafanya kila kitu kitoe mvuke, hata mbwa. Karambu alilala juu ya magunia pale barazani kwa Juju. Mimi nilikuwa karibu nachambua maharagwe, macho yananifunga. Juju alikuwa anamwangalia mtoto.

Mtoto alikuwa amelalia upande wa kulia, uso kwa ukuta. Juju akamgeuza taratibu ili jua lisimpige mgongoni. Karambu bila kuamka akarudi vile vile, uso kwa ukuta. Akamgeuza tena. Akarudi.

"Mbona ananipa mgongo?" Juju akaniuliza.

"Analala hivyo kila siku, baba. Upande wa kushoto hawezi kulalia."

Karambu akafungua jicho moja. "Huku kunauma, Juju," akasema, akalala tena.

Juju akaondoa mkono. Nilifikiri ameudhika. Nikaendelea na maharagwe. Baadaye akaanza kuongea, lakini si na mimi, ni kama alikuwa anaongea na huo mvuke.

"Kitanda chetu kilikuwa kwa ukuta. Yeye alilala ndani, mimi nje. Miaka yote alilala akinipa mgongo. Nilimuuliza mara moja, mapema, tukiwa bado vijana. Nikamwambia, nimekukosea nini? Akasema hakuna. Sikuuliza tena. Nikajua tu kuna kitu nilimkosea, na ni kikubwa, ndiyo maana hasemi. Nikawa namletea vitu kutoka sokoni. Leso. Sukari. Bado ananipa mgongo."

Nikaacha maharagwe.

"Ilikuwa inamuuma," akasema. Kisha tena, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza, "Ilikuwa inamuuma tu."

Alikaa hivyo mpaka jua likaenda. Alipoinuka alimfunika Karambu kwa koti lake na kuniambia bila kunitazama, "Usingoje kahawa. Kahawa itachumwa na Cicily na mimi."

Jumanne, 11 Novemba. Nairobi

Tumefika. Misheck alijiunga nasi njiani pale Embu, akamchukua mdogo, na mimi nikalala usingizi wa kwanza wa maana tangu Septemba. Niliamka nikaona maghorofa yamesimama meupe kwenye manyunyu, mengine marefu mengine mafupi, na kwa dakika moja ya usingizi nilidhani niko ndani ya kinywa cha mtu.

Jumatano, 12 Novemba

Lenah alitupeleka kliniki ya kwanza, ya vioo, karibu na saluni yake. Nje imeandikwa spesheliti.

"Usiamini hilo neno," Lenah akaniambia. "Hapa kila mtu ni spesheliti. Hata mimi ni spesheliti wa kope."

Daktari alimwangalia Karambu haraka haraka. "Tung'oe mawili leo, uvimbe utashuka wenyewe. Keti, msichana."

"Daktari, samahani," nikasema. "Umesomea taya, au umesomea meno?"

"Mama, wewe umesoma wapi?"

"Githongo."

Akatabasamu na kijana wa mapokezi. Nikasema, "Tuangalie basi picha ya taya lote kwanza."

"Hiyo mashine hatuna. Lakini kwa uzoefu wangu..."

Nilikuwa tayari nimemshusha Karambu kwenye kile kiti. Kilikuwa kizuri, kinapanda na kushuka, alikuwa ameanza kukipenda. Misheck akanong'ona, "Eunice, ni daktari." Nikamwambia, "Ndiyo. Lakini si wa hii."

Wa pili alikuwa mzee mpole, ana samaki wadogo kwenye tanki. Nilipomuuliza swali langu alicheka vizuri. "Mimi ni wa kunyoosha meno yaliyopinda. Lakini umeuliza vyema, wengi hawaulizi." Akatuelekeza hospitali kubwa wanakofundishwa madaktari wa meno. Kesho Alhamisi ndiyo siku ya mataya.

Siku ya mataya. Nimelirudia jioni yote. Karambu amelirudia pia, kwa wimbo.

Alhamisi, 13 Novemba

Tulikaa kwenye benchi refu kati ya watu wenye nyuso zilizovimba, zilizofungwa bendeji, zilizopona. Kule nyumbani Karambu alikuwa peke yake na picha moja ya ukutani. Hapa alikuwa kati ya wenzake. Msichana mmoja mkubwa wa kutoka Kitui alimwonyesha kovu lake chini ya kidevu, na Karambu akamwonyesha shavu, kama watu wanaoonyeshana viatu.

Daktari anaitwa Rwamba. Mwanamke, sauti nzito, viatu vya raba.

Kabla hajasema lolote nikauliza, "Daktari, umesomea taya?"

Wanafunzi wake wakaangalia chini. Yeye hakucheka. "Nimesomea taya, mdomo na uso. Baada ya meno, nikaongeza miaka. Uliza lingine."

"Unatoka wapi?"

"Siakago."

Misheck akasema, "Tumezunguka Nairobi nzima tukitafuta mtu wa Siakago. Kutoka Embu mimi hufika huko kabla ya chai kupoa." Daktari Rwamba akasema hata yeye akitaka kuonekana na watu wa kwao lazima aje Nairobi. Ni hapo nilipogundua mabega yangu yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na sasa yanashuka.

Picha ya taya lote ilionyesha kile kifuko kizima. Alieleza akimwangalia Karambu, si sisi. Hatatoa mfupa. Atafungua dirisha dogo ndani ya mdomo, maji yatoke, wachukue kipande wakipime. Lile dirisha tutaliosha kila siku, na kifuko kikikosa maji kitajikunja polepole, mfupa urudi kujijenga. Huenda hata jino likaamka likaja lenyewe.

"Na kama tungengoja?" Misheck aliuliza.

"Mngeniletea taya lililovunjika."

Misheck akanishika mkono. Hatushikani mikono mbele za watu.

Nikamwambia Daktari juu ya nyanya ya Karambu, juu ya jina. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu imewekwa chini. Kwao pia wenye majina wanarudi, alisema, yeye mwenyewe ana jina la nyanya yake. Kisha akasema, "Lakini hii hairithiwi pamoja na jina. Nyanya yake alikuwa na yake, ambayo hatutaijua kamwe. Huyu ana yake."

Alhamisi, 20 Novemba

Wamempeleka ndani asubuhi. Alinipungia mkono akiwa amelala kwenye kitanda chenye magurudumu, kama mtu anayesafiri kwa raha zake. Sitaandika muda tuliongoja. Mdogo alilia, akanyonya, akalala, akaamka. Nje mvua ilipiga mabati ya mahali fulani na nilidhani niko nyumbani, nikataka kwenda kuanua kahawa.

Daktari Rwamba alitoka akivua kofia. "Dirisha limefunguka vizuri. Mfupa umeshika."

Nilikaa sakafuni. Si kuzimia. Nilikaa tu.

Jumatatu, 24 Novemba

Nyumbani. Misheck ameshukia Embu. Juju alisimama kwenye lango na mwavuli, hakuja kutupokea njiani, labda aliogopa. Karambu uso umevimba kwa upasuaji, kwa hivyo hakuna kilichoonekana bado. Juju akauliza, "Inauma?" Ni swali la kwanza. Karambu akasema, "Kidogo," na Juju akasema, "Usiniambie kidogo. Niambie yote."

Ijumaa, 5 Desemba

Majibu ya kile kipande yamekuja. Ni kifuko tu, si kitu kibaya. Nimelala mchana wote, Cicily akashika watoto.

Jumapili, 14 Desemba

Tunaosha dirisha kwa maji ya chumvi. Juju ndiye huchemsha maji, hataki mtu mwingine aguse hiyo sufuria. Shavu limeanza kushuka. Kanisani mama mmoja alisema, "Ai, Karambu ametuacha." Cicily akamjibu, "Huyu hapa anakula mandazi yako." Lakini niliona Juju amesikia, na njiani kurudi alitembea nyuma yetu sote.

Jumamosi, 20 Desemba

Kahawa ya mwisho mwisho. Juju hamwiti tena mwekuru. Hamwiti chochote. Anamwambia "wewe," kwa upole, kama mtu aliyesahau jina na anaona haya kuuliza.

Jumapili, 4 Januari 2026

Kesho shule. Tulienda Nairobi juzi, Daktari Rwamba amesema tunaendelea vizuri, tutarudi Machi. Shavu halijaisha lakini lazima ujue ndipo uone. Ana uso mwembamba, kumbe. Ana kidevu cha upande wa kwetu, cha mama yangu.

Leo mchana ukungu ulirudi. Nilikuwa barazani kwa Juju, namnyoa Karambu nywele za shule, mdogo ametambaa hadi kwenye miguu ya mzee. Nilipomaliza nikampangusa Karambu uso, akasimama mbele ya Juju aonwe. Juju alimwangalia kwa muda mrefu sana. Nilishika wembe na sikujua niutie wapi.

Kisha akanyoosha mkono, kama mtu mzima anavyomsalimia mtu mzima.

"Mimi naitwa Mithika," akasema. "Wa hapa Githongo."

Karambu akanitazama. Akashika ule mkono.

"Mimi naitwa Karambu."

"Karambu wa nani?"

Akafikiri. "Wa Misheck. Na wa Mama."

"Haya. Karibu, Karambu wa Misheck." Hakuachia mkono. "Mimi nilikuwa na mke. Alikuwa na jina kama lako. Alikuwa anaimba sauti ya pili, na alikuwa na mkono wa kupanda, chochote alichopanda kilishika. Alikuwa anaumwa na mimi sikujua."

"Ako wapi?"

"Alikufa."

Sikuwahi kumsikia akisema hilo neno. Walimzika mwaka mmoja, mwaka uliofuata mimi nikamzaa mwenye jina lake, na kila mtu akaja na sukari kumpongeza. Sidhani kuna aliyebaki na nafasi ya kumpa pole.

Karambu akaweka mkono wa pili juu ya wa kwanza.

"Pole, Juju," akasema.

"Asante," akasema Juju. "Asante sana."